Samaki wa Kilindini, Vyura wa Falaj

Wanangu wa maabara, mmenitaka niandike habari za miaka yangu ya kazi kabla sijazisahau. Kuzisahau si rahisi kwa mtu ambaye kwa miaka mingi alikula chakula cha mchana huku ndoo ya matumbo ya samaki ikimsubiri chumba cha pili. Vyeo na mishahara nitaviruka. Hivyo mtavipata wenyewe na mtavilalamikia wenyewe. Nnayotaka kuyasema ni yale yaliyokuwa yakiniamsha mapema kwa furaha, mpaka mama yangu, Mungu amrehemu, akashuku kwamba nna mchumba huko kazini.

Mie nilizaliwa hapa Maskati, kwa wazee waliotoka Unguja. Nyumbani kwetu Azaiba Kiarabu kilikuwa cha wageni na Kiswahili kilikuwa cha kugombana. Nilisomea elimu ya wanyama nikidhani nitaishia kuwatazama pomboo. Siku yangu ya kwanza katika maabara ya samaki nilikabidhiwa kwa Dokta Mahfudh, mtu mrefu, mkimya, miwani yake imefungwa uzi shingoni. Naye ni mtoto wa Unguja, na sote tulimwita Maalim. Nilivaa koti jeupe ambalo bado lilikuwa na mikunjo ya dukani. Maalim hakuniuliza nimesomea wapi. Aliweka tamvua moja la samaki, kile anachopumulia majini, kwenye kisahani cha kioo, akakisukuma chini ya hadubini, akanambia nikae nitazame. Nikamuuliza nitazame nini.

"Tazama tu," alisema. "Ukiona kitu, niite. Usipoona, usiniite."

Nilitazama asubuhi nzima. Niliona nyuzi nyekundu zimepangana kama meno ya kitana, basi. Macho yaliuma, shingo ikakakamaa, nikaanza kuamini kwamba bwana huyu ananifanyia mzaha wa siku ya kwanza. Halafu uzi mmoja ukajipinda. Wenzake walitulia tuli, yeye akajinyoosha, akajipinda tena upande wa pili, na hapo nikaona kwamba hakuwa uzi wa tamvua hata kidogo. Alikuwa mnyoo, mwili wake mwangavu kama ute wa yai, ameng'ang'ania kwa kulabu za mkiani na anajinyoosha kama mtu anayetafuta chumvi mezani. Nilimwita Maalim kwa sauti iliyogeuza vichwa vya chumba kizima.

Alikuja, akatazama, akarudi kukaa. Akanambia kwamba neno lenyewe linajieleza: kimelea ni kile kinachomea juu ya mwingine, na huyo mwingine ndiye mwenyeji. Kazi yetu, alisema, ni kujua vipi wanaishi nyumba moja bila ya kuuana.

Jioni nilimsimulia mama. Alikuwa anachambua mchele, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Yaani nimekusomesha miaka yote hii ukatazame mchango?" Nikamwambia ndiyo, na kesho nakwenda tena.

Sasa nitasema kidogo habari za vyombo, maana najua baadhi yenu mnanunua vya bei kubwa na bado mnakata minyoo vipande viwili. Chombo bora kuliko vyote ni mkasi mdogo wenye ncha butu. Ncha kali hutoboa tumbo la samaki na la mgeni wake kwa pamoja. Cha pili ni sindano ya kushonea iliyochomekwa kwenye kijiti. Maalim alikuwa nazo tele, na mkewe akilalamika kwamba nyumbani hapashoneki kitu. Na mnyoo msimtie kwenye spiriti ya baridi akiwa hai. Hujikunja kama mtu aliyetukanwa, na hapo hata mama yake hamjui. Pasheni maji ya chumvi kwanza, alegee, anyooke, ndipo mumhifadhi. Haya niliyajifunza kwa kuharibu, na Maalim hakunigombeza. Alikuwa akiniwekea mbele samaki mwingine.

Miaka ikapita nikiwafungua changu, jodari na nguru wa sokoni. Halafu ikaja meli ya utafiti kuchunguza samaki wa kilindini katika Bahari ya Oman, nasi tukapewa nafasi mbili. Nilifurahi hata usingizi ukanikimbia. Huko chini, mahali ambapo mwanga wa jua haufiki, wanaishi vidagaa wadogo wenye vitaa ubavuni, makundi kwa makundi, na sikuwahi kumwona hata mmoja akiwa mzima. Maalim naye alifurahi, lakini furaha yake iliishia bandarini. Mtu huyu aliyejua kila mnyoo wa baharini hakuiweza bahari yenyewe. Tulipotoka tu kwenye maji ya wazi alilala chumbani mwake na ndimu puani, na kwa safari nzima maabara yetu ilikuwa na mguu mmoja sitahani na mwingine mlangoni kwake.

Asubuhi moja wavu ulipandishwa ukiwa umejaa. Winchi ilikuwa ikilia, mabaharia wanapiga kelele, na mbele yangu ukamiminwa mlima wa samaki weusi wa kiasi cha kidole, kila mmoja amepangwa vitaa ubavuni kama vifungo vya kanzu. Baadhi ya vitaa vilikuwa bado vinamulika, rangi ya samawati hafifu, katikati ya jua la Mungu. Nilipiga magoti nikaanza kuwachagua mmoja mmoja. Kwenye samaki mmoja nikaona, karibu na koo, uzi umetoka nje ya ngozi, na mwishoni mwake zinaning'inia nyuzi mbili za mayai.

Nilimchukua hadi mezani. Meli ilikuwa ikiyumba, kwa hiyo nilikishikilia kisahani kwa mkono wa kushoto na mkasi kwa wa kulia, na kiwiko nikakiegemeza ukutani. Niliufuata ule uzi taratibu. Ulipita chini ya matamvua, ukateremka, ukaingia ndani zaidi, na kila nilipodhani nimefika kichwani nilikuta bado ni shingo. Mwisho nikafika kwenye moyo. Kichwa cha yule kimelea kilikuwa ndani ya mshipa mkubwa unaotoka moyoni, kimeota mizizi mle kama mti. Kumbe alikuwa ni jamaa wa kamba wale wa kuliwa, aliyeingia angali mdogo, akapoteza miguu na umbo lote, akabaki kuwa mdomo katika moyo wa mwenyeji na mayai nje. Na samaki mwenyewe alikuwa amenona, tumboni ana chakula alichokula karibuni.

Nilikimbia mpaka kwa Maalim bila ya viatu. Nilimwambia tu, "Yumo moyoni." Akakaa kitako, ndimu ikaanguka, akaja nami akijishika kuta. Alitazama kwenye hadubini muda mrefu hata nikahofia atatapika juu yake.

"Mtazame," alisema mwishowe. "Angeweza kumuua kwa pigo moja, na hamuui. Kimelea hapendi msiba, Zuwena. Mwenyeji akifa, nyumba imeanguka na mgeni yumo ndani."

Siku ile tulifungua samaki mpaka mikono ikafa ganzi, na Maalim hakuyakumbuka maradhi yake hadi tuliposimama kula. Maneno yake niliyabeba miaka mingi. Niliwafundisha nanyi, mtakumbuka. Na ndiyo yaliyokuja kunitia taabuni.

Kesi ya vyura ilinijia miaka michache kabla sijastaafu, wakati Maalim keshastaafu, yupo nyumbani kwake. Katika kijiji kimoja cha milimani, nyuma ya Maskati, vyura wachanga walikuwa wakifa kwa wingi kandokando ya falaj, ule mfereji wa zamani unaogawa maji ya chemchemi kwa zamu, shamba hadi shamba. Watu walipoona mizoga wakasema maji yana sumu. Sheikh wa kijiji akaamrisha falaj ifungwe pale kwenye chemchemi na maji yaelekezwe wadini, kwenye bonde kavu la mawe, yapotee. Ilikuwa kiangazi kikali, na mitende ilikuwa na matunda. Maji yalipelekwa mjini kupimwa, yakarudi na majibu kwamba ni safi. Lakini hakuna aliyeamini, kwa sababu vyura waliendelea kufa, na karatasi inayosema maji ni safi haisemi kilichowaua ni nini. Walisema sumu ilipita, na itarudi. Basi wakatafuta mtu wa kujua mambo ya vyura, na mkurugenzi wetu akawajibu kwamba tunaye. Kwa hoja yake, chura ni samaki mwenye miguu.

Nilikwenda na gari la kazini, ambalo lilizidi kuzeeka kila nilipolipitisha mbele ya maduka ya magari mapya ya Wattaya. Nilimkuta sheikh akinisubiri, na nyuma yake, mbali kidogo na wengine, amesimama mtu wa makamo anayeitwa Saif. Yeye ndiye aliyekuwa akituhumiwa. Alikuwa amepiga dawa ya wadudu mitende yake siku chache kabla ya vyura kuanza kufa, na Humaid, mtoto wa ami yake ambaye shamba lake linafuata, alimkuta ameshika galoni tupu ukingoni mwa falaj. Saif aliposikia lafudhi ya Kiarabu changu alitabasamu, akanijibu kwa Kiswahili. Yeye na Humaid wote wamezaliwa Pemba, wakaletwa Oman wakiwa watoto.

Aliniambia, kwa utulivu ulioniumiza zaidi kuliko kama angelia, kwamba msikitini watu wanamwachia nafasi kulia na kushoto. Humaid, aliyekuwa akinywa naye kahawa kila alfajiri, hamtolei salamu. Mwanawe anayekaa mjini, Khuwair ya Kusini, amemwambia auze shamba ahamie kwake, kwenye fleti. "Dada yangu," alisema, "mimi nimepiga dawa mitende. Sikupiga maji. Lakini nikihama, ndiyo nimekiri."

Niliteremka kwenye dimbwi ambamo falaj humwaga maji yake. Maji yalikuwa yamenywea kwa ukame, na vyura wachanga, ukubwa wa kunde, waliokuwa wametoka majini karibuni, walijazana kwenye utepe mmoja wa tope bichi, mmoja juu ya mwingine, maana kwengine kote palikuwa jiwe kavu. Wengi walikuwa wamekufa. Waliobaki walikuwa wakihema kwa shida, mbavu zinapanda na kushuka. Nikachukua wafu, wagonjwa na wakubwa wachache, nikawatia kwenye masanduku yenye kitambaa kibichi nikarudi nao mjini. Maabara ilikuwa ishafungwa, kwa hiyo wale wazima nikawalaza nyumbani, msalani.

Nyumbani alikuwepo Harriet, binti wa Kiganda aliyekuwa akinisaidia kumtunza mama. Asubuhi alinijia jikoni, mkono kiunoni. "Madam," alisema, "mi nilikuja kufanya kazi ya nyumba. Sasa hii imekuwa shamba la vyura. Wameimba mpaka mama amewajibu." Ilikuwa kweli, mama alikuwa ameamka akidhani ni majirani wana harusi. Niliwaomba radhi wote wawili nikaondoka na masanduku yangu.

Nilimfungua chura mchanga wa kwanza chini ya hadubini. Mapafu yake hayakufika punje ya mchele. Nilipoyagusa kwa sindano, yalijisogeza. Nikayapasua, na ndani mlikuwa na minyoo tu, wamekunjana, wamejaza kila nafasi, hapana mahali pa kuingiza hata pumzi moja. Wa pili hivyo hivyo. Wa tatu hivyo hivyo. Nilifurahi kwa kuona, nikaona na haya ya kufurahi mbele ya msiba. Kisha nikawafungua wakubwa, nao walikuwa na minyoo wale wale mapafuni, mmoja au wawili, na afya zao tele.

Hapo ndipo maneno ya Maalim yalipogeuka kuwa ukuta mbele yangu. Kimelea hapendi msiba. Kama ni hivyo, pengine minyoo wamo tu kama siku zote, na muuaji ni dawa kweli. Nikisema ni minyoo na nikakosea, nitakuwa nimefungua maji ya sumu kwa kijiji kizima. Nikinyamaza na nikawa sawa, Saif atauza shamba la baba yake.

Nilimpigia simu Maalim. Nilipokuwa nikimsimulia nilisikia kijiko kikikorogwa kwenye kikombe. Akauliza vyura walikuwa wamekaaje pale dimbwini, si ndani yao, bali wao kwa wao. Nikamweleza ule utepe wa tope.

"Basi umeshajijibu," alisema. "Kimelea hapendi msiba, lakini hajui kuhesabu. Wakiingia mia kwenye nyumba moja, kila mmoja anadhani mgeni ni yeye peke yake."

Nilirudi kijijini siku iliyofuata nikijua ninachokitafuta. Mnyoo huyu watoto wake huishi kwenye udongo bichi na humwingia chura kwa kumtoboa ngozi. Mwaka wa mvua vyura hutawanyika, kila mmoja akapata mgeni mmoja. Mwaka ule wote walikuwa wamelala kitanda kimoja. Kama nilikuwa sawa, basi mahali ambapo vyura hawakusongamana wangekuwa hai. Nilipanda majabali mpaka upande wa pili wa dimbwi, magoti yakilalamika, nikapata mianya iliyokuwa ikichuruzika maji kidogo, na mle wakarukaruka vyura wachanga wazima, wa umri ule ule, maji yale yale. Niliwafungua papo hapo, kwenye kivuli cha jiwe. Mnyoo mmoja. Hakuna. Wawili. Halafu nikarudi nikatazama ndani ya dimbwi lenyewe, na sikuelewa vipi sikulitilia maanani tangu mwanzo: viluwiluwi walikuwa wakiogelea, na visamaki vya falaj vikinidonoa vidole. Dawa ya wadudu ingewamaliza hao kwanza kabla ya kiumbe yeyote wa nchi kavu. Nilicheka peke yangu hata sheikh akateremka kuja kuuliza kulikoni.

Nilimwomba awakusanye watu barazani. Niliweka hadubini juu ya meza ya kahawa, nikawaeleza kwa Kiarabu changu chenye chumvi ya Unguja, wakavumilia. Kisha nikawataka waone kwa macho yao, mapafu ya chura wa topeni na ya chura wa jabalini. Walipita mmoja mmoja. Wengine walistaajabu, mmoja akataka kujua kama minyoo hao watamwingia yeye. Nikamwambia hawamtaki, wanataka chura.

Humaid alikuja wa mwisho. Aliinama kwenye hadubini akakaa muda mrefu kuliko wote. Bila ya kuinua kichwa aliuliza, kwa Kiswahili, "Na dawa ya Saif?"

Nikamwambia dawa ya Saif iko juu ya mitende ya Saif, na kama ingeingia majini, samaki wa falaj wasingekuwepo kunidonoa asubuhi ile.

Akasimama wima. Akavuka baraza mpaka alipokuwa amekaa Saif, karibu na mlango, akampa mkono. Saif aliutazama ule mkono, kisha akaupokea. Na sheikh, kwa hekima yake, akaagiza kahawa.

Alasiri tulipanda sote hadi kwenye chemchemi. Watu walikuwa washakwangua lile tope na kulitandaza mbali, na wakaweka mawe na vitambaa vibichi sehemu nyingi ili vyura waliobaki wasipate tena sababu ya kubanana. Kizuizi kikaondolewa, na maji yakashuka ndani ya falaj yakisukuma mbele yake majani makavu na vumbi, na sisi tukayafuata kwa miguu, wazee na watoto, kama watu wanaomsindikiza bwana harusi. Nimeona mengi chini ya hadubini, lakini sikumbuki kitu kilichonisisimua kama sauti ya maji yale yakikimbia mbele yetu.

Tulipofika kwenye mashamba yao, Humaid aliinama akainua jiwe la kilango cha Saif. "Anza wewe," alisema. "Zamu yako ndiyo iliyokatwa."

Saif akalirudisha jiwe mahali pake. "Mitende yako imekauka kuliko yangu. Fungua kwako."

Humaid akaapa kwamba haiwezekani. Saif naye akaapa. Mmoja aliinua jiwe, mwenzake akalirudisha, wakaanza kushikana mikono kwa heshima ambayo ilikaribia kuwa ngumi. Na wakati wanaheshimiana, maji hayakungoja. Yaliwapita wote wawili, yakakata kona, yakaingia yote kwenye shamba la chini, kwa bibi mmoja mjane ambaye hakumtuhumu mtu wala hakutuhumiwa na mtu, na ambaye alikuwa keshafungua kilango chake na amesimama hapo na jembe begani, anasubiri. Humaid ndiye aliyemwona kwanza. Akamgusa Saif begani, akamwonesha, na binamu wawili wakakaa chini ukingoni mwa falaj, miguu ndani ya maji, wakacheka mpaka wakajifuta machozi.